Salio la Ruzuku

Fomu ilikuja na kalamu yake ya bure, yenye jina la mradi ubavuni.
Kurasa kumi na mbili. Nilizihesabu kwanza
kama mtu anavyohesabu ng'ombe kabla hajakubali kuwachunga.

Jina la mwombaji: Wande Lugwisha.
Kijiji: Nyanguge, upande wa ziwani.
Ukubwa wa shamba: ekari mbili na robo.
Ile robo ziwa huikopa kila masika,
kiangazi huirudisha imejaa makombe ya konokono.

Eleza tatizo kwa maneno yasiyozidi mia moja.
Nilikaa na swali hilo mpaka taa ya sola ikafifia.
Tatizo liliteremka mlimani usiku mmoja wa Machi,
likapenya kati ya mawe, likaubeba udongo mweusi wa mama mkwe
likaumwaga ghubani, na huko sasa unanenepesha magugu maji.
Nikaandika: Udongo wangu uko ziwani. Nataka kuufuata.
Maneno sita. Tisini na manne nikawaachia.

Bwana Mwemezi, afisa ugani, alisoma akacheka,
kisha akaacha kucheka.
"Weka na ubunifu," akasema. "Wafadhili wanapenda ubunifu."
Ubunifu upi? Bibi alifunga ngitili nyuma ya nyumba
kabla hajazaliwa aliyechapa fomu hii:
nyasi zipumzike, waingie ndama na wagonjwa tu,
mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi mmoja
wauogope mpaka uleule.
Mwemezi akaipa jina refu, na kifupi chake herufi tatu kubwa.
Bibi angelisikia angedhani ni ugonjwa wa kuku.

Pesa ikaja nusu.
Nusu ya pili ingefuata picha.

Tukayavuta magugu maji kwa reki na mtumbwi wa kukodi,
mimi, Nkamba, na kijana Sitta asiyeogopa ruba.
Siku tisa juu ya mawe yakakauka,
tukayalaza na samadi, majivu, na vumbi la dagaa wasiouzika.
Rundo likawaka ndani kwa ndani:
ukilichoma panga, linatoka na joto la uji.
Matuta tuliyapima kwa miti mitatu na jiwe la kuning'inia,
yakakingama mteremko, mbaazi juu ya kila mgongo.

Sasa ripoti. Ripoti inauliza: Mafanikio?
Mtama magunia saba. Mwaka juzi matatu.
Na maji yakitoka shambani kwangu
naona vidole vya miguu yangu ndani yake.
Ripoti inauliza: Changamoto?
Shemeji.
Ng'ombe wake kumi na wanne walilala kwenye mbaazi zangu,
asubuhi akaleta salamu badala ya fidia.
Mwemezi akafuta "shemeji", akaandika
"mwingiliano wa matumizi ya ardhi".

Mstari wa mwisho: Salio.
Shilingi elfu thelathini na mbili na mia nne.
Nikazifunga kwenye leso, nikaenda nazo Mwanza,
ghorofa ya tatu. Dada wa mapokezi akazitazama
kama mtoto aliyeletwa shule bila cheti.
"Mama, hatuna fomu ya kurudisha."
Akamwita mhasibu. Mhasibu akamwita mkubwa wake.
Watu watatu wenye vitambulisho shingoni
wakaizunguka leso yangu, hakuna wa kuigusa.

Ruzuku na riziki, nikawaza nikishuka ngazi,
watoto wa tumbo moja:
mmoja kasomeshwa, mwingine kabaki machungani.

Jana shemeji kaja, kofia mkononi,
anauliza bei ya mbegu za mbaazi,
anauliza ile miti mitatu hufungwaje.
Nikamwambia ruzuku ipo, elfu thelathini na mbili na mia nne.
Fomu yangu ni fupi. Ina swali moja:
mlango wa zizi lako, usiku, unaufunga kwa nini?